TAHARIRI: Kabla hujanunua krimu nyingine, chunguza godoro unalolalia

NI saa nane usiku. Kesho una kazi, ama mtihani, ama ile intavyu uliyoingoja miezi mitatu. Lakini hulali. Unajikuna ndani ya kiwiko, unajikuna nyuma ya magoti, unajikuna shingo hadi ngozi inachubuka. Asubuhi unapiga chafya mara saba mfululizo, unavaa shati la mikono mirefu hata kama jua la Februari linachoma, kisha unatoka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jioni ukirudi unapitia kwa kemisti wa mtaani. Hakuulizi mengi. Unakunja mkono wa shati, anatupa jicho, anakupa tyubu ndogo ya krimu. "Paka asubuhi na jioni." Wiki ya kwanza unaona maajabu. Wiki ya tatu tyubu imeisha na mwasho umerudi, tena kwa hasira. Unanunua nyingine. Halafu nyingine.

Kama haya ni maisha yako, ama ya rafiki unayeishi naye, basi tunaongea na wewe. Msimamo wetu ni huu: vijana wengi wa mijini tunatibu ngozi na kusahau mahali ngozi hiyo inapolala. Tunamwaga pesa kwa krimu, kisha kila usiku tunairudisha ngozi ileile juu ya godoro lilelile. Na krimu yenyewe, ikitumiwa ovyo, inatuharibu zaidi ya ule mwasho tuliokuwa tunaukimbia.

Mdudu asiyeuma

Kiswahili kinalo jina lake tayari. Muulize nyanyako kijijini kuhusu utitiri. Atakuambia ni wale wadudu wadogo sana wanaojaa kwenye kiota cha kuku anayelalia mayai; wakikupanda mkononi, unawashwa hadi jioni. Ni wengi kiasi kwamba neno lenyewe tumelifanya kumaanisha wingi: utitiri wa magari, utitiri wa madeni. Sasa, wadudu hao wana jamaa yao asiye na haja na kuku. Huyu ni utitiri wa vumbi, na anakaa kwako: ndani ya godoro, mto, blanketi, sofa na lile zulia la manyoya.

Humwoni kwa macho. Urefu wake ni kama robo ya milimita, kwa hivyo wanne wakijipanga mstari ndio wanafikisha milimita moja. Ana miguu minane, kwani ukoo wake ni wa buibui na kupe. Chakula chake ni magamba madogo ya ngozi yanayobanduka mwilini mwako ukiwa umelala. Hanywi maji, bali hufyonza unyevu ulio hewani. Kumbuka hilo la unyevu, tutalirudia.

Cha ajabu ni kwamba mdudu huyu haumi. Hana shida na damu yako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa hili walikaribia sana, ila huyu hakuli wewe. Anakula ulichokwisha kudondosha. Tatizo ni kinyesi chake. Mdudu mmoja hutoa takriban punje 20 kwa siku, na anaishi miezi miwili hadi mitatu. Punje hizo zikikauka huwa vumbi laini linalopeperuka kila ukigeuka kitandani ama ukikung'uta blanketi.

Ndani ya vumbi hilo mna protini ambazo miili ya baadhi yetu huziona kama adui. Ukizivuta kwa pua unapiga chafya, macho yanawasha, na mwenye pumu anabanwa kifua. Zikitua juu ya ngozi ambayo tayari ni kavu na dhaifu, baadhi yake hufanya kazi kama vimeng'enya na kuzidi kuulegeza ukuta wa ngozi. Hapo ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, unachachamaa. Haya si mambo ya juzi. Tangu 1964, watafiti Voorhorst na Spieksma wa Leiden, Uholanzi, walimtaja mdudu huyu kuwa chanzo kikuu cha kile ambacho hadi hapo kiliitwa tu mzio wa vumbi la nyumba.

Tusitishane lakini. Wadudu hawa wamo karibu kila nyumba yenye kitanda, ya tajiri na ya hasla, na watu wengi hawawahi kuwahisi. Wanaoumia ni wale ambao miili yao ina mwelekeo wa mzio, hasa kama nyumbani kwenu kuna mtu mwenye pumu, ukurutu ama mafua yasiyoisha ya chafya. Na hata kwa mwenye ukurutu, utitiri wa vumbi ni kichochezi kimoja kati ya vingi. Jasho, sabuni kali, manukato, baridi na msongo wa mawazo pia vina mchango wao. Kusafisha kitanda hakuponyi ukurutu. Kunapunguza kuni kwenye moto.

Kwa nini sisi wa keja za mjini

Sasa turudi kwa unyevu. Utitiri wa vumbi unastawi hewa ikiwa na unyevu na joto la wastani. Hewa ikikauka kwa muda, unanyauka na kufa. Ndiyo maana kijana wa Likoni ama Kisauni ana kazi ngumu zaidi, kwani hewa ya Pwani ni nzito kwa unyevu karibu mwaka mzima.

Nairobi iko juu, takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na miezi ya kiangazi hewa yake ni kavu. Ungedhani tumepona. Lakini fikiria bedsita ya kawaida, iwe Pipeline, Zimmerman ama Githurai. Unapika humo. Unaoga humo. Nguo zinakauka humo kwa sababu ukizianika nje zitaibwa. Dirisha ni moja, na ukilifungua unagusana na ukuta wa ploti ya jirani. Mvuke wa sufuria ya ugali, wa bafu na wa nguo mbichi wote unatafuta pa kwenda, na pa kwenda ni kwenye godoro. Ikifika Julai na baridi yake, dirisha linafungwa kabisa, blanketi lililokaa chini ya kitanda tangu mwaka jana linatolewa na kufunikwa vivyo hivyo. Halafu tunashangaa kwa nini mwasho huzidi msimu wa baridi.

Ongeza jinsi tunavyoanza maisha. Unatoka kwa wazazi na mfuko mmoja. Godoro unanunua kwa mtu anayehama, bei ya kuokoka. Mito ni ya mtumba. Zulia la manyoya ni kwa ajili ya picha, si ndio? Hatumlaumu mtu kwa kuanza chini. Wengi wetu tumelala hivyo. Ila ujue kwamba godoro la mtu mwingine linakuja na miaka ya ngozi yake na kila kilichoila. Na hata wadudu wenyewe wakifa, mabaki yao yanaweza kuendelea kukuchokoza kwa miezi mingi.

Si uchafu, si uchawi

Linalotuuma zaidi ni aibu. Kijana mwenye ukurutu anaambiwa haogi. Anaambiwa amerogwa, ama ana "ule ugonjwa". Watu wanasita kumpa mkono. Msichana anaacha kuvaa nguo anazopenda, mvulana anaacha kwenda kuogelea na wenzake. Wengine husugua ngozi kwa jiwe na sabuni kali kujaribu kuondoa "uchafu" huo, na kwa kufanya hivyo wanaing'oa ile kinga kidogo iliyokuwa imebaki.

Ukurutu hauambukizi. Hupati kwa kusalimiana, kulala chumba kimoja wala kutumia kikombe kimoja. Wanaokucheka hawajui wasemalo.

Lakini pia si kila mwasho ni ukurutu, na hapa ndipo wengi hupotea. Upele huwasha sana usiku, huanzia katikati ya vidole, viganjani, kiunoni na sehemu za siri, na mara nyingi mnaoishi pamoja mnajikuna nyote. Huo unaambukiza, husababishwa na mdudu mwingine anayechimba ndani ya ngozi, na dawa yake lazima mtumie wote kwa wakati mmoja. Kunguni nao huacha alama za kuumwa, mara nyingi zikiwa zimefuatana, na madoadoa meusi kwenye mishono ya godoro. Ukurutu hupenda mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti, shingoni; ngozi inakuwa kavu, nene na yenye mikwaruzo, na mwasho huja na kuondoka kwa miezi ama miaka.

Jambo jingine. Picha nyingi za ukurutu utakazoona mtandaoni ni za ngozi nyeupe, nyekundu kama nyanya. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani sana. Utaona ngozi imegeuka kahawia nzito, kijivu ama zambarau, pengine na vipele vidogo kwenye vinyweleo. Usiseme "yangu si hiyo" kwa sababu tu hailingani na picha ya simu.

Ile tyubu ndogo

Tunarudi kwa krimu. Nyingi ya zile zinazouzwa kwa haraka zina steroidi, pengine zikiwa zimechanganywa na dawa ya kuvu na ya bakteria kwa tyubu moja. Steroidi si sumu. Ikitolewa na mhudumu wa afya aliyekuchunguza, kwa nguvu inayofaa, mahali panapofaa na kwa muda unaofaa, ni mojawapo ya dawa bora za ukurutu, na usiiogope.

Shida ni kujipaka kwa kubahatisha. Krimu yenye betamethasoni ama klobetasoli, ambazo zina nguvu nyingi, ikipakwa usoni ama kwenye mikunjo kwa miezi, hufanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi, ilete michirizi isiyotoka, chunusi, na mishipa kuonekana. Ukiiacha ghafla ngozi inaweza kuwaka upya kuliko mwanzo. Inaweza pia kung'arisha ngozi, na wengine wakifurahia hiyo rangi wanaendelea kuipaka hata mwasho ukiisha. Na kama kilichokuwa kikikusumbua ni upele ama choa, steroidi hufunika dalili huku ugonjwa ukienea kimyakimya.

Kwa hivyo soma kilichoandikwa kwenye boksi kabla ya kulipa. Muulize muuzaji: hii ina steroidi? Ni kali kiasi gani? Niitumie siku ngapi? Akishindwa kujibu maswali hayo matatu, rudisha tyubu kwenye kaunta.

Leo jioni ufanye nini

Anza na godoro. Mnakumbuka wazazi waliokataa katakata tutoe karatasi la nailoni kwenye godoro jipya, tukawa tunalala huku linalia kwarakwara usiku kucha? Tuliwacheka, kumbe walikuwa wamegusa jambo. Kifuniko kisichopitisha vumbi, kinachofunika godoro na mto pande zote, huwafungia wadudu ndani na kuwanyima chakula. Kuna vifuniko maalum vyenye zipu. Huna pesa? Rudisha ile nailoni, lakini tandika juu yake blanketi jembamba la pamba na shuka, kwa sababu jasho nalo linauwasha ukurutu.

Fua shuka na foronya kila wiki. Maji baridi huondoa vumbi lakini wadudu wengi hubaki hai. Maji ya moto wa nyuzi 60 hivi ndiyo huwaua. Huhitaji mashine. Changanya sufuria mbili za maji yaliyochemka na moja ya maji baridi ndani ya karai, tumbukiza shuka, likoroge kwa mwiko wa zamani, usiingize mkono, kisha lifunike nusu saa kabla ya kulifua kama kawaida. Suuza vizuri, kwani mabaki ya sabuni ya unga pia huwasha.

Tumia jua. Nchi hii inalo, na ni la bure. Beba blanketi na mito hadi juu ya paa la ploti, anika saa za jua kali, geuza pande zote, kung'uta ukiwa umefunga pua. Jua hukausha, na ukavu ndio adui wa mdudu huyu. Godoro nene halikauki hadi ndani, ndiyo maana tumesema lifunike.

Zulia la manyoya litoe, angalau chumbani unapolala. Usifagie kwa ufagio mkavu ukirusha vumbi hewani; panguza kwa kitambaa chenye maji. Asubuhi usitandike kitanda mara tu unapoamka. Funua shuka, fungua dirisha, kitanda kipumue unapojiandaa. Ndiyo, tunakupa ruhusa ya kutotandika, ila usimwambie mama ni sisi.

Usipulizie godoro dawa ya mende. Utaivuta usiku kucha, na vinyesi vilivyomo havitaenda popote.

Kisha ngozi yenyewe. Oga kwa maji ya vuguvugu, si ya moto wa kubabua, kwa muda mfupi na sabuni isiyo na manukato. Jipanguse kwa kugusagusa taulo, na ngozi ikiwa bado na unyevunyevu jipake mafuta mazito yasiyo na harufu. Mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha. Rudia kila siku, hata siku ambazo huwashwi. Kwa mwenye ukurutu, hayo si mapambo, ni matibabu.

Kama baada ya wiki chache bado huna nafuu, kama ngozi inatoa maji ama usaha, kama unakosa usingizi ama unabanwa kifua, nenda hospitali. Omba kuonana na mtaalamu wa ngozi ikiwezekana. Vipo vipimo vya mzio vinavyofanywa kwenye ngozi ya mkono vinavyoweza kuonyesha kama ni utitiri wa vumbi ama ni kitu kingine kabisa.

Mzigo usiwe wa kijana peke yake

Tukiishia hapo tutakuwa tumekutwika mzigo ambao si wako wote. Hukujenga wewe ukuta ule unaoziba dirisha lako. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inahesabu makao yasiyopitisha hewa ama mwanga wa kutosha kuwa kero kwa afya, na maafisa wa afya ya umma wa kaunti wana mamlaka ya kuchukua hatua. Katiba, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao ya kutosheleza. Lakini maghorofa yanaendelea kupanda yakiwa yamegusana mabega, na vyumba vya chini havijui jua linafananaje.

Tunazitaka serikali za kaunti zikague majengo kabla ya kuezekwa, si baada ya wapangaji kuingia. Wenye nyumba waweke matundu ya hewa, wakarabati kuta zinazovuja, na wafungue paa la ploti kwa wapangaji kuanika matandiko badala ya kulifungia kufuli. Hiyo ya mwisho haiwagharimu hata shilingi. Nao wanaosimamia maduka ya dawa wahakikishe steroidi kali haziuzwi kama peremende. Na wakuu wa vyuo na shule za bweni, magodoro yanayorithiwa na wanafunzi mwaka baada ya mwaka bila kuona jua ni suala la afya, hata kama hakuna mwanafunzi aliyelalamika.

Wewe nawe, usikae kimya. Kama chumba chako kina ukungu ukutani, piga picha, andikeni barua na majirani, muipeleke kwa mwenye nyumba na nakala kwa ofisi ya afya ya umma ya wadi. Mpangaji mmoja hupuuzwa. Ghorofa nzima ni vigumu kuipuuza.

Usiku wa leo huwezi kubomoa ule ukuta wa jirani. Lakini kesho ni siku ya jua. Kabla hujapitia kwa kemisti, muombe keateka ufunguo wa paa, mwite rafiki akushike upande mmoja wa godoro, mlipandishe.